Niangalizie Mzigo

Kuna maneno manne ambayo nadhani yamesemwa katika stesheni za reli tangu stesheni zilipoanza kujengwa: "Samahani, naomba uniangalizie mzigo." Anayeyasema hakujui. Hakukuuliza jina lako wala wewe hukumwuliza lake. Anakutazama usoni mara moja, pengine anatazama na viatu, halafu anaondoka kwenda kununua maji au kuulizia habari za treni, na vitu vyake vyote vimebaki miguuni pako. Nawe umeitikia "haya" bila kufikiri, kama mtu anavyoitikia hodi.

Nimekuwa nikilifikiria hilo "haya" kwa zaidi ya miaka thelathini. Nataka kumweleza msomaji sababu yake, na katika kueleza nitamchukua hadi stesheni ya reli ya Dar es Salaam, maana ndiko jambo lenyewe lilikotokea, nami naamini kwamba hata namna stesheni ile ilivyokaa ina fungu lake katika habari hii.

Kwetu ni Lingeka, Bariadi. Tangu 2012 sisi ni watu wa Mkoa wa Simiyu, lakini nilipokuwa kijana tulihesabiwa Shinyanga. Reli haikufika kwetu. Mtu wa Bariadi aliyetaka kupanda treni alikwenda Malampaka, upande wa Maswa, na mara nyingi alikwenda akiwa amekaa juu ya marobota ya pamba kwenye lori. Pamba na abiria tulikuwa na njia moja. Baba yangu, kwa kuwa hakupenda kumsubiri mwenye lori, alikuwa akienda Malampaka kwa baiskeli na kuiacha kwa mwenye duka mmoja jirani na stesheni, kisha akapanda treni ya Mwanza. Hakupewa karatasi yoyote. Mara moja alikaa Mwanza wiki tano akimwuguza ndugu yake. Aliporudi alikuta baiskeli imefutwa vumbi na magurudumu yametiwa upepo.

Baba alipenda kuisimulia habari hiyo alipotaka kutupa mfano wa uaminifu. Mimi nilipokuwa nimeonja vitabu kidogo chuoni, nilirudi likizo nikampinga. Nilimwambia, "Baba, yule mwenye duka alikuwa na hiari gani? Angeiuza baiskeli yako leo, kesho yake watu wote kutoka Maswa hadi Bariadi wangejua. Asingeuza tena hata kibiriti. Ule si uaminifu, ni biashara." Hoja haikuwa yangu. Mwanafalsafa wa Kijerumani, Immanuel Kant, katika kitabu alichokitoa mwaka 1785, alileta mfano wa mwenye duka asiyempunja mteja, hata akiwa mtoto mdogo asiyejua bei. Kant alisema kwamba kitendo hicho kinaweza kuwa sawa na wajibu, lakini kama mtu amekitenda kwa ajili ya faida yake, basi hakina thamani ya wema wenyewe. Nilikuwa nimefurahi sana kukutana na hoja hiyo. Niliona kama imeandikwa kwa ajili ya Malampaka.

Baba alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Sawa. Lakini baiskeli niliipata."

Kabla ya reli, mizigo ya nchi hii ilibebwa mabegani. Njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, ikaendelea hadi Ujiji, na waliokuwa wakiipita kwa maelfu walikuwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma. Mpagazi alibeba kiasi cha kilo thelathini za mali isiyokuwa yake, pembe za ndovu kwenda pwani, vitambaa na shanga kwenda bara. Alitembea nazo kwa miezi. Katika miezi hiyo zilikuwapo njia nyingi za kando na vichaka vingi vya kujificha. Wapo waliotoroka na mizigo, na wasafiri wa Kizungu waliandika sana habari zao, kwa sababu aliyeibiwa ndiye mwenye la kuandika. Hata hivyo msafara uliofika salama ndio uliokuwa wa kawaida, ama sivyo biashara ile isingedumu hata muongo mmoja. Mzigo wa mtu ulikuwa na heshima yake, na kijana wa Kinyamwezi ambaye hajawahi kwenda pwani na kurudi alikuwa bado hajakuwa mtu kamili mbele ya wenzake.

Wajerumani walianza kujenga reli Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma mwaka 1914, miezi michache tu kabla ya vita kuja kuwanyang'anya. Waingereza ndio waliolijenga tawi la kutoka Tabora hadi Mwanza, likamalizika 1928, nalo ndilo lililotupa sisi Malampaka. Safari ya miezi ikawa ya siku mbili. Lakini pamoja na magurudumu, reli ilileta kitu kingine ambacho watu hawakitaji sana, nacho ni stakabadhi. Mzigo sasa ulipimwa, ukaandikwa daftarini, ukabandikwa karatasi, na mwenyewe akapewa nusu ya karatasi hiyo. Haikuwa lazima tena kumjua aliyeuchukua. Wahenga wetu walikwishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, ingawa sidhani kama waliosema hivyo walimjua mwenye duka wa Malampaka.

Stesheni ya Dar es Salaam iliwekwa karibu na bandari, na ukiitazama kwa makini unaona kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa nia. Reli ilijengwa kuzifikisha bidhaa melini, na abiria walikuja kama nyongeza. Stesheni iko pembeni mwa kitovu cha mji, mwendo mfupi kutoka Mnara wa Saa uliojengwa mwaka 1961 Dar es Salaam ilipopewa hadhi ya jiji. Mbele yake watu wa daladala walipageuza kituo, wakakiita "Stesheni" basi, hata ikawa vijana wengi wanaolitamka jina hilo hawafikirii treni hata kidogo. Baadaye mji ulipata stesheni ya pili, ile kubwa ya TAZARA, kwenye barabara iliyokuwa ya Pugu na sasa ni ya Nyerere, baada ya Wachina kutujengea reli ya kwenda Zambia kati ya 1970 na 1975. Upana wa reli hizo mbili haulingani. Ya kati ni milimita 1,000 na ya TAZARA ni milimita 1,067. Kwa tofauti ya vidole vichache behewa la huku haliwezi kupita kule, na mzigo unaotoka upande mmoja kwenda mwingine sharti ushushwe na kupakiwa upya, kama inavyofanyika Kidatu. Nitarudi kwenye jambo hilo la kushusha na kupakia.

Jambo kubwa la stesheni ya Dar es Salaam kwa abiria ni kwamba ni stesheni ya mwisho. Pale Malampaka treni inakuja kutoka mahali na inakwenda mahali, inakukuta umesimama, inakuchukua. Waliosimama nawe unawajua, au unajua ukoo wao, au wanakijua kijiji chako. Dar es Salaam treni haipiti, bali imesimama na inakungoja, nawe umekuja mapema kuingoja ikungoje. Kwa hiyo watu hukusanyika kwa saa nyingi, Waha wa Kigoma, Wagogo, Wanyamwezi, Wasukuma, na Wazaramo waliokuja kuwasindikiza wenyeji wao wa zamani. Wote wako pamoja na hakuna anayemjua mwenzake. Nilipoingia mle mara ya kwanza nilihisi kitu ambacho sikuwa na jina lake. Baadaye nilijua kwamba ilikuwa ni mara yangu ya kwanza kuwa mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja ambaye angeweza kwenda kumwambia baba.

Tena stesheni hiyo, kama zote za wakati wake, ilikuwa imezoea kuwagawa watu. Enzi za ukoloni madaraja ya treni yalikwenda kwa rangi, Mzungu la kwanza, Mhindi la pili, Mwafrika la tatu, hata pale ambapo hakuna aliyeandika sheria hiyo ukutani. Msomaji anaikumbuka habari ya Gandhi, aliyeshushwa kwenye treni usiku huko Pietermaritzburg, Afrika Kusini, mwezi Juni 1893, kwa kuwa alikaa daraja la kwanza hali ana tiketi yake mkononi. Safari yangu ilikuwa 1993, miaka mia moja baadaye, na wakati huo kilichotugawa kilikuwa nauli. Daraja la kwanza na la pili walikuwa na namba za vitanda, nao walikuja kwa utulivu. Sisi wa daraja la tatu tiketi ilitupa haki ya kuingia behewani. Mahali pa kukaa palikuwa mali ya aliyefika kwanza. Sisemi hivi ili kumlaumu mtu. Nasema ili msomaji ajue nilikuwa nikiogopa nini.

Ulikuwa mwezi wa Desemba. Nilifika stesheni kabla ya adhuhuri nikakaa sakafuni nimeegemea ukuta. Baadaye akaja mama mmoja, umri wa mama yangu, ana kikapu na gunia lililoshonwa mdomo kwa kamba ya katani. Nilimsaidia kulishusha kichwani, likanivuta mikono kwa uzito.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unakwenda wapi?"

Nikamwambia Bariadi.

"Ah, kumbe Msukuma. Jirani zetu hao. Mimi nashukia Tabora."

Tukazungumza. Gunia lilikuwa na kichwa cha cherehani. Si kipya, alikinunua kwa mtu, na meza yake angetengenezewa na fundi wa kwao. Binti yake alikuwa amejifunza kushona na alikuwa akishonea cherehani ya jirani kwa kugawana fedha nusu kwa nusu. Mama huyo alinieleza yote hayo kama mtu anayejieleza mwenyewe, akiwa ameweka kiganja juu ya gunia. Kisha akasimama, akafunga kanga yake vizuri.

"Mwanangu, niangalizie. Nakwenda kutafuta maji na mikate ya njiani."

"Haya, mama."

Hakukaa sana. Nasema hivyo kwa sababu nataka kuwa mkweli, maana nikiwa nasimulia kwa watu huwa namwongezea dakika. Yamkini hata robo saa ilikuwa haijatimia pale lango la kwenda kwenye treni lilipofunguliwa. Ukumbi mzima ulisimama kwa mara moja. Aliyewahi kuona kundi la ng'ombe likinusa maji mwisho wa kiangazi anajua ninachosema. Safari ilikuwa ya siku mbili. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimesimama hadi Dodoma, na miguu ilivimba hata sikuweza kuvua viatu. Nikatazama alikokwenda mama, simwoni. Kando yangu alikuwapo mwanamume ameketi juu ya sanduku lake, hajainuka bado.

"Kaka," nikamwambia, "gunia hili kuna mama kaliacha, anarudi sasa hivi. Naomba uniangalizie."

"Haya," akasema.

Nikakimbia.

Nilipata mahali dirishani. Nilikaa nikatweta, nikaona fahari. Haikupita muda, nikiwa natazama nje, nikamwona yule mwanamume anapita jukwaani na sanduku lake begani. Mkono wa pili ulikuwa mtupu. Aliingia behewa la mbele yetu. Treni haikuondoka wakati huo. Ilikaa, na ilikaa sana, watu wakanunua machungwa kupitia madirishani, wakaagana mara mbili mbili. Nilikuwa na muda wa kushuka, kurudi ukumbini, kutazama. Lakini nikishuka, kiti kinakwenda. Nikajiambia kwamba mama atakuwa amerudi tayari. Nikajiambia atakuwa amekuta gunia lake, amelichukua, ameingia behewa jingine. Nilijiambia mambo mengi hadi treni ikapiga honi.

Tabora, msomaji, ndipo treni hukatwa. Mabehewa ya Kigoma yanafungwa kichwa chake na ya Mwanza chake, na kazi hiyo huchukua saa nyingi. Mama alisema anashukia Tabora. Kama alikuwamo, angepita jukwaani, na kama nami ningeteremka nikasimama langoni kwa nusu saa tu, ningejua. Ningemwona na gunia, nikapumua. Au ningemwona bila gunia, na hapo ningekuwa na la kumwambia, hata kama ni kumwambia mimi ndiye. Au nisingemwona kabisa, nikajua kwamba amebaki Dar es Salaam akizunguka ukumbi mtupu. Sikushuka. Nilikuwa bado nimekaa pale dirishani na sikutaka kupoteza kiti.

La kwanza, lile la langoni, naweza kulitetea mbele ya baraza lolote. Nilishtuka, nilikuwa kijana, umati ulikuwa unavuta, nilimkabidhi mtu. La Tabora sina la kusema juu yake. Na jambo ninalotaka kumwuliza msomaji ni hili: kwa nini la Tabora linanielemea kuliko la kwanza, wakati Tabora sikuwa tena na uwezo wa kuliokoa lile gunia?

Kwa muda mrefu nilijitetea kwa hoja ya kukabidhi. Sikuiba. Sikulitupa gunia. Nilichukua dhamana nikaipitisha kwa mtu mwingine mwenye akili timamu, naye akakubali kwa kinywa chake. Hivi ndivyo mizigo inavyokwenda duniani kote, kutoka mkono hadi mkono. Lakini nikikumbuka Kidatu, mahali pale pa kushusha na kupakia, naona tofauti. Pale mzigo unapohamishwa, karatasi inahama nao, na katika karatasi kuna jina la mwenyewe. Mimi nilichomkabidhi yule kaka kilikuwa gunia tu. Yeye hakumwona mama akiweka kiganja juu yake. Hakusikia habari za binti. "Haya" yake ilikuwa nyepesi kuliko yangu, na kama naye angempata wa kumwachia, ya tatu ingekuwa nyepesi zaidi, hadi gunia libaki peke yake. Mimi ndiye niliyekuwa karatasi ya ule mzigo. Hakuna mwingine aliyejua umetoka kwa nani.

Ndiyo maana sasa naona kwamba nilichoahidi hakikuwa kulitazama gunia. Macho ya kutazama yalikuwa mengi mle ukumbini. Nilichoahidi ni kwamba mama akirudi atanikuta. Na ahadi ya namna hiyo haikwisha kwa gunia kupotea. Iliendelea hadi Tabora, maana hata pale bado palikuwa na uwezekano wa yeye kunikuta.

Ilinichukua miaka kumweleza baba. Nilimweleza jioni moja tukiwa tunaota moto nje, nikianza na umati, lango na miguu iliyovimba. Alinikatiza.

"Alipokuomba, uliitikia?"

"Niliitikia."

"Basi."

Nilidhani yamekwisha. Tulikaa. Mama alileta chakula, tukala, tukanawa. Wakati anainuka kwenda kulala baba akauliza tena, "Na Tabora, ulishuka?" Nikamwambia sikushuka. Hakusema kitu. Hakulitaja duka la Malampaka wala Mjerumani wangu, ingawa alikuwa na haki ya kuwataja wote wawili.

Mgiriki Plato, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, aliandika katika Jamhuri habari ya mchungaji aliyeokota pete. Akiigeuza pete hiyo kidoleni haonekani tena, na mara alipogundua hivyo alikwenda akamtongoza mke wa mfalme, akamwua mfalme, akatawala. Anayeisimulia hadithi hiyo anataka kuthibitisha kwamba hakuna mtu mwema kwa hiari yake. Mpe mwema na mwovu pete ileile, watakwenda njia moja. Nikisoma hapo namkumbuka yule kijana aliyemdharau mwenye duka. Mwenye duka hakuwahi kuivaa pete, maana Malampaka anaonekana kila siku. Mimi nilivalishwa pete siku ile, nikiwa mchungaji kweli kweli, mtoto wa wachunga ng'ombe, na katika stesheni ambayo hakuna anayenijua haikuchukua hata robo saa.

Hata hivyo siko tayari kuikubali hadithi ya pete yote. Yule mama hakuwa mjinga. Alikuwa ameishi, alikuwa amesafiri, alijua Dar es Salaam ni mji wa namna gani, na bado aliondoka akaniachia kitu cha thamani kuliko vyote alivyokuwa navyo. Wala hakuwa peke yake. Kila siku ya safari, mle ukumbini, watu kwa makumi walisema maneno yale manne, wakaenda chooni, wakaenda kununua mikate, wakarudi wakakuta vitu vyao mahali vilipokuwa, wakasema asante, wakaachana na wale walioviangalia bila kuonana tena maishani. Waliovaa pete walikuwa wengi kiasi hicho, na wengi wao hawakufanya lolote. Walikaa tu wakamngoja mwenyewe. Jambo hilo ni la kawaida mno, ndiyo sababu hakuna anayelisimulia. Mimi mwenyewe nimeangaliziwa mzigo mara zisizohesabika na simkumbuki hata mmoja wa walioniangalizia. Ninayemkumbuka ni yule mwenye sanduku begani.

Mwaka 2024 nilipanda treni mpya ya umeme kwenda Dodoma. Stesheni yake, iliyopewa jina la Rais John Magufuli, iko jirani na ile ya zamani, jengo refu la vioo lililochongwa mfano wa jiwe la tanzanaiti. Reli yake ni ya upana wa tatu, milimita 1,435, hivyo jiji moja lina reli tatu zisizoweza kushikana mikono. Huduma kati ya Dar es Salaam na Dodoma ilizinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti mwaka huo, na njia ambayo treni zetu za zamani zilitumia usiku kucha sasa inapitwa kwa chini ya saa nne. Unapokata tiketi unatoa namba ya kitambulisho. Tiketi ina jina lako, namba ya behewa na namba ya kiti. Mizigo inapitishwa kwenye mashine, na ukiinua macho unaona kamera.

Nilikaa mle nikiwa na saa nzima ya kungoja, nikatazama. Hakuna aliyekimbia. Hakuna aliyemwomba mwenzake amwangalizie chochote. Kijana mmoja aliyekuwa kando yangu aliacha begi lake kwenye kiti, akaenda kununua soda, bila kusema neno wala kunitazama. Aliporudi aliketi akaendelea na simu yake. Sikuona ubaya wowote. Kama ile tiketi yangu ya 1993 ingekuwa na namba ya kiti, ningekaa nimetulia karibu na gunia hadi mama arudi, na leo ningekuwa mtu ambaye hajui kwamba angeweza kukimbia. Binti wa Tabora angeshona. Kati ya stesheni inayonitegemea mimi na inayotegemea namba, mama yule angechagua ya pili, nami namuunga mkono.

Lakini begi la yule kijana nililiangalia. Nilijikuta nimelikazia macho muda wote aliokuwa hayupo, hata wakati wa kuingia ulipotangazwa, na sikuinuka mpaka nilipomwona anarudi. Yeye hakujua, na sikumwambia.

Niliporudi kutoka Dodoma nilivuka kwenda stesheni ya zamani. Nilimkuta karani kijana, mwenye adabu, akaniamkia. Nikamwuliza, vitu vinavyosahauliwa na abiria huwa vinawekwa wapi.

"Umesahau nini, mzee?"

"Gunia. Lina kichwa cha cherehani."

Akavuta daftari akachukua kalamu. "Lini hiyo?"

Nikamwambia mwezi na mwaka. Alinitazama kidogo kuona kama namtania, akaona simtanii. Akaiweka kalamu chini taratibu.

"Mwaka huo, mzee, mimi nilikuwa bado sijazaliwa," akasema. Kisha akaniuliza kama lilikuwa langu.